Jinsi ya kuitambua siku ya kilomita elfu moja

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuisoma hewa kama wanavyoisoma marubani wa glaida, zile ndege nyembamba zenye mabawa marefu na zisizo na injini. Glaida ya kisasa ikipata siku nzuri huenda kilomita 1,000 kati ya asubuhi na jioni, yaani takriban kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba kwa mstari ulionyooka, na haichomi hata tone la mafuta baada ya kuachia kamba iliyoinyanyua. Mimi nimekulia Usa River, chini ya Meru, na sasa naishi kusini mwa Ujerumani kwenye miinuko ya Swabian Alb, ambako klabu za glaida zimejaa. Yaliyomo humu nimefundishwa na wazee wa klabu yetu, na mengine nimeyaona mwenyewe nikiwa nimefungwa mkanda kwenye kiti. Naamini kwa dhati kwamba rekodi hutengenezwa usiku uliotangulia, mezani, mbele ya ramani za hali ya hewa. Ustadi wa mikono hufuata baadaye.

Anza na hesabu. Glaida huwa inashuka wakati wote ndani ya hewa inayoizunguka. Nzuri za siku hizi zikiwa kimo cha kilomita moja huteleza kilomita 50 au zaidi katika hewa tulivu, huku zikishuka chini ya mita moja kwa sekunde. Kwa hiyo unatafuta hewa inayopanda kwa kasi kuliko unavyoshuka. Ipo ya aina tatu: hewa iliyopashwa moto na ardhi, upepo unaogonga mlima ukalazimika kupanda, na mawimbi ya hewa yanayojitengeneza nyuma ya milima. Kila aina ina hali yake ya hewa, na kila aina imezaa rekodi zake.

Sasa gawanya umbali kwa mwendo. Kilomita 1,000 kwa wastani wa kilomita 100 kwa saa ni saa kumi angani. Kwetu hapa maana yake ni kwamba mikondo ya joto ianze kabla ya saa nne asubuhi na isife hadi karibu saa mbili jioni. Siku kama hizo ziko kati ya mwisho wa Aprili na Julai, wakati jua linachelewa kuzama, na hata ndani ya miezi hiyo ni chache. Ndiyo maana mtu anayeitaka siku hiyo lazima ajue inavyokuja.

Usiku uliotangulia

Fungua ramani ya mgandamizo wa hewa ya Ulaya nzima, utafute mpaka wa hewa baridi, yaani ule mstari ambao nyuma yake hewa ya kaskazini inaisukuma ile ya joto. Mpaka huo ukishapita, huacha hewa baridi, safi na kavu. Jua la Mei likiipiga ardhi chini ya hewa hiyo, tofauti ya joto kati ya udongo na hewa ya juu inakuwa kubwa, na hewa ya chini inapanda kwa nguvu. Siku ya kwanza baada ya mpaka kupita mara nyingi bado ina manyunyu. Ya pili, mgandamizo mkubwa ukiwa unaingia taratibu, ndiyo ninayoipenda. Ikifika ya tatu au ya nne, anga la juu limepata joto, ukungu mkavu umetanda, na mikondo imefupika.

Mfano ambao kila mwanafunzi wa hapa husimuliwa ni wa Hans-Werner Grosse. Tarehe 25 Aprili 1972 alipaa kutoka Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, kwa glaida aina ya ASW 12, akatua Biarritz, kusini-magharibi mwa Ufaransa karibu na mpaka wa Hispania: kilomita 1,460.8. Rekodi hiyo ya umbali wa moja kwa moja ilidumu takriban miaka 30. Ukiichora safari ile kwenye ramani utaona ilivyoendana na hewa: hewa baridi imejaa Ulaya, upepo unatoka kaskazini-mashariki na kumsukuma kutoka nyuma, na jua linahamia magharibi sawa na yeye, hivyo jioni yake ikachelewa kidogo kuliko ya aliyebaki Lübeck. Aliisubiri hali hiyo, na ilipofika alikuwa tayari.

Baada ya ramani, tafuta namba mbili: joto la juu kabisa linalotarajiwa kesho, na nyuzi za umande, yaani joto ambalo hewa ikishuka hadi hapo huanza kutoa matone. Toa ya pili kwenye ya kwanza, zidisha kwa 125, na utapata kimo cha kitako cha mawingu kwa mita kutoka ardhini. Nyuzi 24 za joto na 8 za umande zinaacha 16. Mara 125 ni mita 2,000. Hiyo ni siku nzuri. Ukipata mita 1,000, lala usingizi wako. Kimo kidogo kinamfanya rubani asimame kila mara kujipandisha, na muda unaopotea hapo haurudi.

Halafu angalia mchoro wa puto. Vituo vya hali ya hewa hurusha puto lenye vipimo usiku wa manane na mchana kwa saa za Greenwich, na Stuttgart, mji wetu mkubwa wa jirani, ni kituo kimojawapo. Mchoro unaonyesha joto linavyopungua kadiri puto linavyopanda. Kumbuka kanuni moja: hewa isiyo na wingu ikipanda hupoa takriban nyuzi moja kila mita 100. Ikiwa hewa inayoizunguka inapoa kwa kiasi hichohicho au zaidi, kilichoanza kupanda kitaendelea kupanda. Mahali ambapo mchoro unageuka na hewa inakuwa na joto zaidi juu kuliko chini, hapo pana kifuniko. Mwanafunzi mgeni hudhani kifuniko ni kibaya. Mimi nakitaka, ila kiwe juu, kwenye mita 2,000 hadi 2,500. Bila kifuniko mawingu yanapanda bila kikomo, na kufikia saa nane mchana njia yako imezibwa na radi. Kifuniko kikiwa chini ya mita 1,200, kitakubana siku nzima. Na kama chini yake kuna unyevu mwingi, mawingu yatafika pale, yatatandaa kama mkeka na kulificha jua, na ardhi ikikosa jua kazi imekwisha.

Mambo mengine yanaangaliwa haraka. Mawingu ya juu sana, yale membamba yenye nyuzinyuzi, yakitarajiwa kabla ya alasiri, punguza matumaini. Mvua kubwa ya jana huuchelewesha udongo, kwa sababu jua linaanza kwa kukausha maji kabla ya kupasha ardhi. Hapa kwetu Alb tuna bahati: chini ni mawe ya chokaa, maji yanazama upesi, na mikondo inaamka mapema kuliko mabondeni. Upepo wa chini ukizidi kilomita 40 kwa saa, mikondo inakatikakatika.

Asubuhi, kabla ya kupaa

Futa umande kwenye mabawa kwa taulo. Ziba kila ufa kati ya bawa na kiwiliwili kwa utepe mweupe, ukiupitishia kidole gumba hadi ulale bapa kabisa, kwani hata ukingo mdogo wa utepe unaharibu mtiririko wa hewa. Jaza maji ndani ya mabawa kama siku inaahidi mikondo yenye nguvu. Watu wengi hushangaa: ndege isiyo na injini, mbona unaiongezea uzito? Ni kwa sababu glaida nzito huteleza kwa pembe ileile lakini kwa kasi kubwa zaidi. Inalipa gharama kidogo wakati wa kupanda, inarudishiwa mara nyingi wakati wa kwenda mbele, na maji yanamwagwa kabla ya kutua.

Tangaza njia yako kabla ya kupaa ikiwa rekodi inadai hivyo. Kinasa safari, kile kifaa kidogo kilichofungwa kwa lakiri ya kielektroniki, kinaandika mahali ulipo na kimo chako kila baada ya sekunde chache, na bila faili hilo Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, halitambui chochote.

Angani chini ya mawingu

Wingu la kufaa ni lile lililovimba juu na kukatwa bapa chini. Tazama chini, kwenye kitako. Kitako cheusi, kilichonyooka na chenye kingo zinazoonekana wazi kinaonyesha kwamba mkondo bado unalilisha. Kitako kilichochanika na kufifia ni cha wingu linalokufa, hata kama kichwa chake bado ni kirefu na cheupe. Wingu moja huishi robo saa au nusu saa hivi, kwa hiyo lililo kubwa sasa huenda likawa limekwisha utakapofika. Lenga lile changa, na ufike chini yake likiwa limekomaa.

Unapouingia mkondo, kiti kinakusukuma makalio, kisha bawa moja linanyanyuka lenyewe. Geukia upande wa bawa hilo, kwa sababu hewa inayopanda iko upande huo. Inamisha ndege nyuzi 40 au zaidi, zunguka, sikiliza variometa. Kipimo hiki cha kasi ya kupanda na kushuka hutoa mlio unaokuwa mkali kadiri unavyopanda kwa kasi, nawe unahamisha duara lako kidogokidogo kuelekea upande wenye mlio mkali. Mbele yako, juu ya kioo, kuna kipande cha uzi wa sufu kilichobandikwa kwa utepe. Kikibaki kimenyooka, ndege inaenda sawa na hewa. Kikilala upande, unaburuza mwili wa ndege na kupoteza kimo. Katika vifaa vyote vilivyomo ndani, huo uzi ndio ninaoutazama zaidi.

Kasi ya kwenda kutoka mkondo mmoja hadi mwingine ina hesabu yake, na aliyeiweka wazi ni Mmarekani Paul MacCready, bingwa wa dunia wa glaida wa mwaka 1956. Kwa kifupi: kadiri mkondo unaoutarajia mbele ulivyo na nguvu, ndivyo unavyopaswa kwenda kwa kasi kuufuata. Ukitarajia dhaifu, punguza. Kwa hiyo hata kasi yako ni utabiri wa hali ya hewa, unaofanywa upya kila dakika kumi.

Siku bora kuliko zote mawingu hujipanga mistari mirefu kufuata upepo. Hapo unaacha kuzunguka kabisa. Unapita chini ya mstari, unapunguza kasi hewa inapokubeba, unaongeza inapokuangusha, na kilomita 80 zinapita bila kona hata moja. Rekodi za mikondo ya joto zimejengwa kwa namna hiyo.

Afrika ina mahali pake mashuhuri kwa kazi hii: Bitterwasser, Namibia, pembezoni mwa Kalahari. Hewa kavu inapeleka kitako cha mawingu mita 4,000, wakati mwingine 5,000, na hewa ya aina mbili tofauti zikikutana hujenga mstari unaopanda kwa mamia ya kilomita. Marubani wa Ulaya husafirisha glaida zao kwa makontena hadi kule kwa ajili ya msimu wa Novemba hadi Januari. Anayefikisha kilomita 1,000 kwa mara ya kwanza akiwa pale hupandiwa mti wa jamii ya mitende uwanjani hapo, na miti hiyo sasa ni safu ndefu.

Upepo wa mlimani nitaupitia upesi. Unahitaji ukingo mrefu wa milima na upepo unaoupiga karibu moja kwa moja. Milima ya Appalachian nchini Marekani ni hivyo: mpaka wa hewa baridi ukipita, upepo wa kaskazini-magharibi unapanda mteremko kuanzia Pennsylvania hadi kusini kabisa. Karl Striedieck alienda na kurudi kilomita 1,634.7 tarehe 9 Mei 1977, sehemu kubwa akiwa karibu na vilele vya miti. Naheshimu sana kazi hiyo. Inachosha mwili na haisamehe.

Mawimbi

Hapa ndipo penye rekodi kubwa, na ndipo penye uzuri ninaoutamani siku zote. Upepo ukivuka mlima ukaporomoka upande wa pili, na hewa ikiwa imetulia kwa tabaka, hauishii chini. Unadunda na kupanda, unashuka, unapanda tena, mara nyingi kupita kimo cha mlima wenyewe. Mawimbi hayo hayasogei. Yanasimama palepale huku upepo ukipita ndani yake.

Ili yatokee, tafuta mambo manne kwenye utabiri. Upepo uupige mlima karibu moja kwa moja, usipinde zaidi ya nyuzi 30 kutoka pembe mraba. Kasi yake kwenye vilele ifike angalau kilomita 40 kwa saa kwa milima mikubwa. Kasi iongezeke kadiri unavyopanda, bila mwelekeo kubadilika sana. Na kwenye mchoro wa puto pawe na tabaka tulivu karibu na kimo cha vilele, kile kile kifuniko tulichokuwa tukikitafuta mahali pengine kwa sababu nyingine.

Alama yake angani ni mawingu laini ya umbo la dengu. Tazama moja kwa dakika tano: ukingo wa kuelekea upepo unazaliwa bila kukoma, ukingo wa nyuma unayeyuka, na wingu lenyewe haliondoki. Chini yake mara nyingi kuna wingu jingine chafu, linalojiviringisha. Hilo ni la msukosuko, na ndilo lango.

Nilipitishwa kwenye lango hilo kwenye Alps za Ufaransa, upepo wa mistral ukivuma, nikiwa kiti cha nyuma cha glaida ya watu wawili. Aliyekuwa mbele aliniambia nikaze mikanda hadi iume. Ndege iliporomoka, magoti yakagonga paneli, kalamu ikapaa ikanasa kwenye kioo, sindano ya variometa ikapiga juu na chini bila kutulia. Kisha, katika urefu wa bawa moja, vyote vilikoma. Uzi wa sufu ukanyooka, sindano ikasimama kwenye mita nne kwa sekunde, na tukapanda kwa utulivu hadi milima yote ikawa chini yetu. Pua ya ndege ilielekea kwenye upepo, na tukilinganisha na ardhi hatukuwa tunasogea.

Anayejua mawimbi haendi dhidi ya upepo. Anageuka na kufuata wimbi kwa urefu, sambamba na mlima. Kwa hiyo umbali wa rekodi unategemea urefu wa safu ya milima, na hakuna kama Andes ya Amerika Kusini. Safu hiyo inakwenda kaskazini hadi kusini, upepo wa magharibi unaifikia kutoka Bahari ya Pasifiki bila kizuizi, na mwezi Desemba na Januari mchana wa Patagonia, eneo la kusini kabisa la bara hilo, ni mrefu. Tarehe 21 Januari 2003, Klaus Ohlmann, Mjerumani aliyetumia miaka mingi kuyachunguza mawimbi ya pale, alipaa kutoka Chapelco, Argentina, kwa glaida aina ya Nimbus 4DM, akakamilisha kilomita 3,008.8 kupitia vituo vitatu vya kugeukia.

Hewa nyepesi nayo inasaidia. Kwenye mita 6,000, kipimo cha kasi kikionyesha kilomita 180 kwa saa, kasi halisi ni karibu 245. Lakini kasi ya juu inayoruhusiwa kwenye kipimo inapungua kadiri unavyopanda, kwa sababu mabawa yanaweza kuanza kutetemeka na kuvunjika, kwa hiyo jedwali la kimo na kasi libandikwe mbele ya macho. Oksijeni iwe tayari kabla ya kuihitaji. Ubongo uliokosa hewa hauwezi kutambua kwamba umeikosa.

Wanaotafuta kimo huenda Patagonia wakati wa baridi ya kule, si kiangazi. Upepo mkali unaoizunguka ncha ya kusini wakati huo wa mwaka unayawezesha mawimbi kupenya hadi kwenye stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya lile la mawingu. Jim Payne na Tim Gardner waliyapanda kutoka El Calafate tarehe 2 Septemba 2018 kwa Perlan 2, glaida yenye chumba kilichofungwa kwa mgandamizo, wakapita mita 22,000. Ndege za abiria zinaruka nusu ya kimo hicho.

Kwa aliye nyumbani

Unaweza kujifunza haya bila kugusa glaida. Viwanja vya ndege hutoa ripoti ya hali ya hewa kwa ndege, METAR, na kwenye intaneti ni bure. Tafuta HTKJ, ambayo ni KIA. Ndani yake kuna namba mbili zenye mkwaju katikati, tuseme 27/14: joto na umande. Tofauti ni 13, mara 125 ni mita 1,625 juu ya uwanja, na uwanja wenyewe uko karibu mita 900 juu ya bahari. Toka nje ulinganishe na mawingu yalivyokaa kwenye ubavu wa Meru.

Angalia tumbusi pia. Mwanabiolojia Colin Pennycuick aliwafuata wa Serengeti miaka ya 1970 kwa glaida yenye injini ndogo, kuona wanavyotumia mikondo hii hii. Korongo weupe wa mashariki mwa Ulaya wanaokuja kwetu kila mwaka huzunguka kupitia Bosphorus, mlango-bahari mwembamba wa Uturuki, kwa kuwa juu ya bahari hakuna mikondo ya kuwabeba. Kikwazo kikubwa cha kwetu ni mchana wenyewe: karibu na ikweta ni saa kumi na mbili tu mwaka mzima, na mikondo mizuri huchukua saa saba au nane kati ya hizo. Umbali wa kwetu itabidi utafutwe kwa kasi.

Chukua daftari. Andika saa tumbusi wa kwanza alipoacha mti na kuanza kuzunguka bila kupiga mabawa, joto na umande wa saa hiyo, sura ya kitako cha wingu la kwanza, na saa ambayo mawingu yalitandaa au radi ikaanza. Kabla ya kulala andika utabiri wako wa kesho, kimo cha mawingu na saa ya kuanza, halafu kesho jioni uandike pembeni yake kilichotokea kweli.